Testi Zilikuwa Kijani, Gesi Ikaenda Bure

Mwaka jana karibu mtu afutwe kazi kwa sababu yangu. Ni kijana wa boda anayepelekea wateja wa shangazi yangu mitungi ya gesi huko Umoja. Hakuwa ameiba kitu. Mwizi, kama lazima atajwe, alikuwa kodi yangu. (Sio kodi ya nyumba, wala ile ya KRA. Naongelea kodi ya kompyuta, ile tunaandika usiku watu wakilala.) Na kinachoniuma hadi leo ni kwamba testi zangu zote zilikuwa kijani. Kumi na nne. Hakuna hata moja nyekundu.

Kwa hivyo leo nina maneno na nyinyi mnaotengeneza tovuti na programu, haswa wale mnajifunza wenyewe kama mimi. Niseme mapema nisionekane nazunguka: testi inayouliza seva "umejibu?" bila kuuliza "umejibu nini?" sio testi. Ni mapambo.

Na kama hujawahi kuandika kodi, usitoke. Ni wewe unalipa kupitia hizi programu zetu, kwa hivyo hii stori ni yako pia.

Tuanze polepole. Ukibonyeza "Lipa" kwenye tovuti, ukurasa wako unaongea na seva, na seva inajibu kwa kitu kinaitwa JSON. Usiogope hilo jina. Ni maandishi tu yaliyopangwa: jina upande huu, thamani upande ule. Kama hivi:

{"bidhaa": "gesi kilo 6", "bei": 1200, "imelipwa": true}

Hata mtoto wa darasa la nne ataisoma. Aina za thamani ni chache: maandishi, namba, kweli au si kweli, tupu, orodha, na fungu lenye majina mengine ndani yake. Ni hayo tu. Pamoja na hilo jibu huja namba ya HTTP inayosema safari yenyewe ilikuwa aje. 200 ni kusema ombi lilifika na likashughulikiwa sawa. 404, hicho kitu hakipo. 500, seva imeanguka huko ndani.

Yuniti testi nayo ni kodi fupi unayoandika kukagua kodi nyingine. Unaipatia hali fulani, inaangalia kama matokeo ni yale ulitarajia. Ikiwa sawa, kijani. Ikiwa vibaya, nyekundu. Wengi wetu tunapenda kijani kuliko tunavyopenda ukweli, na hapo ndipo balaa huanzia.

Sasa stori yenyewe. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, na sitawadanganya ati ilikuwa mpango. Nikaendelea kujifunza na kompyuta ya mtumba. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa ya shangazi: tovuti ndogo, mteja anachagua mtungi, anaweka namba ya simu, ile sehemu ya kuweka PIN ya M-Pesa inatokea kwenye simu yake, analipa, boda inaondoka. Shangazi alifurahi sana. Alikuwa anaonyesha kila mtu kanisani.

Ukiunganisha tovuti na malipo ya aina hiyo, unajibiwa mara mbili, na hii ni muhimu uielewe. Jibu la kwanza huja papo hapo. Ndani yake kuna ResponseCode yenye thamani "0". Maana yake ni kwamba ombi lako limepokelewa, linashughulikiwa. Hapo mteja bado anaangalia simu yake, hajagusa hata PIN. Jibu la pili huja baadaye, kwenye anwani uliyotoa wewe, na hilo ndilo linabeba ukweli. Lina ResultCode. Ikiwa 0, pesa imelipwa. Ikiwa 1032, mteja ameghairi. Ikiwa 1, salio lake halitoshi. Haya yameandikwa wazi kwenye maelezo ya watengenezaji, hayajafichwa. Mimi ndiye nilisoma haraka.

Kodi yangu ilikuwa inasema hivi: ukiona jibu la pili limefika na lina ResultCode, andika oda imelipwa. Haikuuliza hiyo ResultCode ni ngapi.

Na testi nilikuwa nayo! Hii ndiyo sehemu ya aibu. Nilikuwa na testi ambayo jina lake lilikuwa "mteja akighairi". Ilikuwa inatuma jibu bandia lenye 1032, halafu inauliza seva hali ya oda. Kisha inakagua mambo mawili: je, namba ya HTTP ni 200? Ndiyo. Je, kwenye JSON kuna jina "imelipwa"? Ndiyo. Kijani.

Jina lilikuwepo kweli. Thamani yake ilikuwa true.

Soma tena hapo. Mteja ameghairi, seva yangu inasema amelipa, na testi niliyoandika kwa mikono yangu, kwa kazi hiyo hiyo ya kumshika mteja akighairi, inapita ikiniambia kila kitu kiko poa. Niliangalia kama chupa ipo, sikuangalia ndani kuna nini.

Kwa simu ya shangazi ikawa inatokea IMELIPWA, kijana wa boda anabeba mtungi, anaondoka. Lakini shangazi ni mtu wa zamani kidogo. Kila jioni anakaa na daftari lake la kurasa 96, anapanga mitungi iliyotoka na ujumbe wa M-Pesa ulioingia, mstari kwa mstari. Wiki ya pili akaona mitungi minne haina pesa. Elfu nne na mia nane. Akafikiria vile mtu yeyote angefikiria: wateja wanampa boda pesa taslimu, boda inaweka mfukoni.

Akanipigia. "Mwanangu, huyu kijana ananila." Akaniuliza kama inawezekana mtambo wangu ndio umekosea.

Mnajua nilimjibu nini? "Haiwezekani, shangazi. Nimeupima."

Kijana akaambiwa asije Jumatatu mpaka mambo yajulikane. Nilikuwa hapo akiambiwa. Alisema tu, "Mathe, mimi sijawahi kushikishwa pesa na mteja wako hata siku moja," akaweka kofia yake, akaenda. Nilimwona kama muigizaji.

Usiku huo nikafungua majibu yote yaliyohifadhiwa kwenye seva. Sikuwa natafuta kosa langu, nilikuwa natafuta ushahidi dhidi yake. Nikapata 1032. Nikapata ya pili. Nne, zote za ile mitungi minne. Mbili zilitoka namba moja, maanake kuna nyumba ilikuwa imegundua kwamba ukighairi gesi bado inakuja.

Kijana alirudishwa kazi. Nilimlipa zile siku alikaa nyumbani, na nikamrudishia shangazi pesa yake polepole. Lakini kuna kitu hakirudishwi, na mtu yeyote amewahi kuitwa mwizi mbele ya watu anajua ni nini.

Sasa wacha niseme nilichojifunza, na mkitaka kubishana tubishane.

Kwanza, 200 sio ushahidi wa chochote isipokuwa kwamba kuna mtu alifungua mlango. Seva inaweza kukujibu 200 ikiwa imebeba uongo mtupu. Wenye maduka huku kwetu walielewa hili kitambo kutuliko. Walipoanza kuonyeshwa ujumbe feki wa M-Pesa kwenye simu za wateja, waliacha kuangalia kama kuna ujumbe. Siku hizi mwenye duka anaangalia simu yake mwenyewe: jina ni la nani, kiasi ni ngapi, salio limepanda? Mama mboga anakagua thamani. Wewe na mhariri wako wa kodi wenye rangi za kupendeza unakagua kama ujumbe upo.

Pili, kuwepo kwa jina sio thamani. Ukiandika testi, taja ile thamani unayotaka, wazi. Usiseme "imelipwa iwepo". Sema "imelipwa iwe false, hali iwe 'imeghairiwa', na namba ya risiti isiwepo kabisa". Ndiyo, hata kisichotakiwa kuwepo kinakaguliwa. Kama malipo yalikataliwa, jibu la pili haliji na maelezo ya risiti, kwa hivyo oda yako haina biashara ya kuwa na risiti. Vilevile, mteja akiuliza oda yake, hakikisha jibu halijabeba namba ya simu ya mteja mwingine. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na haijali kama wewe ni kampuni kubwa au ni msee na kompyuta moja.

Tatu, usitafute thamani kama unatafuta neno kwenye gazeti. Nilikuwa na testi nyingine iliyochukua jibu lote kama maandishi na kuuliza kama "1200" imo ndani. Nilipoikagua tena nilicheka kwa uchungu. Bei ikikosewa ikawa 12000, testi inapita, kwa sababu "1200" imo ndani ya "12000". Namba ya simu ya mteja ikiwa na 1200 katikati, testi inapita. Fungua JSON kwanza iwe data halisi, kisha nenda moja kwa moja kwa jina unalotaka. Hiyo pia inakuokoa na shida ya mpangilio: kwenye JSON, majina ndani ya fungu yakibadilishana nafasi maana haibadiliki, lakini ukilinganisha herufi kwa herufi, testi italia bure.

Nne, aina ya thamani ni sehemu ya thamani. Angalia tena yale majibu mawili: ResponseCode ni "0" yenye alama za kunukuu, yaani maandishi. ResultCode ni 0 bila alama, yaani namba. Kwenye JavaScript, 0 ya namba huhesabiwa kama si kweli, lakini "0" ya maandishi huhesabiwa kama kweli. Ukichanganya hizo mbili kwenye sharti moja, umejichimbia shimo. Au chukua bei: 1200 ya gesi na 150 ya kupeleka. Zikiwa namba, jumla ni 1350. Zikiwa maandishi, JavaScript inazibandika tu: 1200150. Shilingi milioni moja na ushee kwa mtungi wa kilo sita. Testi inayosema "jumla iwepo" itapita huku inatabasamu.

Na usidhani haya ni ya sisi wadogo. Twitter walipobadilisha namba za kutambulisha tweet mwaka 2010, namba zikawa kubwa kuliko zile JavaScript inaweza kushika bila kukosea. Kikomo chake ni 9007199254740991. Ukiipa 9007199254740993 inakusomea 9007199254740992, bila onyo, bila kosa, ikiwa 200 safi. Suluhisho lao lilikuwa kutuma namba ile ile mara mbili kwenye JSON: mara moja kama namba, na mara ya pili kama maandishi, chini ya jina id_str. Hakuna namba ya HTTP ingekuonyesha shida kama hiyo. Ni mpaka ukague thamani yenyewe.

Kwa pesa zenye senti pia kuna mtego. Kwenye JavaScript na Python, 0.1 ukijumlisha na 0.2 haikupi 0.3. Inakupa 0.30000000000000004. Hesabu pesa kwa senti kamili, namba nzima, halafu testi yako iulize jibu moja tu lisilo na ubishi.

Najua kuna wenye watasema: ukikagua kila thamani, testi zinavunjika kila ukibadilisha kitu kidogo, unakaa siku nzima unarekebisha testi badala ya kujenga. Hao wako na pointi, na sitaikwepa. Nimeona testi zinazolinganisha jibu lote, mpaka saa na sekunde oda ilipoundwa. Hizo ni kero. Zinakufundisha kupuuza nyekundu, na ukishazoea kupuuza nyekundu umemaliza.

Lakini dawa sio kurudi kwenye 200. Dawa ni kuchagua. Mimi najiuliza swali moja: hii thamani ikikosewa, kuna mtu atalia? Bei, jumla, hali ya malipo, oda ni ya nani: hizo zinatajwa kwa thamani kamili. Saa ya kuundwa kwa oda: naangalia tu kama ipo na kama inasomeka kama tarehe. Namba ya oda inayozalishwa yenyewe: naangalia aina yake, basi. Ujumbe wa "Asante kwa kununua": siuangalii kabisa, shangazi aubadilishe atakavyo.

Kuna wengine wataniambia, "Buda, hizo ni za mabenki, sisi tunajengea watu wa mtaa." Hapo ndipo napinga kabisa. Benki ikipoteza elfu tano kwa kosa la kodi, ina idara nzima ya kuitafuta. Shangazi yangu ana daftari. Hiyo elfu nne na mia nane ilikuwa karo ya binamu yangu. Watu wetu ndio hawawezi kubeba makosa yetu, kwa hivyo hao ndio wanahitaji testi kali zaidi.

Na AI? Naitumia, sitajifanya. Lakini ukiiambia "niandikie testi" bila kusema thamani gani unatarajia, itakuwa inakisia tu, au itaangalia kodi yako inafanya nini na kuandika testi inayokubaliana nayo. Kama kodi imekosea, testi inakosea nayo, wanashikana mikono. Matarajio lazima yatoke kwako, kwa sababu ni wewe unajua biashara. Seva haijui gesi ni shilingi ngapi. Wewe unajua.

Kuna kitu cha mwisho ambacho sasa nafanya kila mara, na hakikuli hata dakika tano. Nikimaliza testi, naivunja kodi makusudi. Nabadilisha false iwe true. Naongeza sufuri kwenye bei. Halafu naendesha testi. Ikibaki kijani, hiyo testi ni mwongo na haifai kulala nyumbani kwangu. Na majibu bandia ninayotumia siyatoi kichwani tena. Nayanakili kutoka maelezo rasmi au kutoka majibu halisi ya majaribio, kwa sababu nikiyatunga mwenyewe, yatafanana na kile nilichodhani, sio kile kitakachokuja.

Ile testi ya "mteja akighairi" bado ipo. Nimeiandika upya, ina mistari minne ya ukaguzi badala ya miwili. Siku niliyoirekebisha ilikuwa nyekundu, na nilikaa nikiiangalia muda mrefu kabla ya kugusa kodi. Ilikuwa mara ya kwanza inaniambia ukweli.

Shangazi bado anaandika kwenye daftari kila jioni. Nilimwambia mtambo sasa uko sawa, anaweza kupumzika. Akacheka, akaendelea kuandika. Kijana wa boda anapita hapo, ananisalimia vizuri tu, "Niaje." Mimi ndiye bado naangalia chini.

Kwa hivyo leo usiku, kabla hujalala, fungua testi moja tu ya mradi wako. Moja tu. Angalia inakagua nini. Kama inaishia kwa 200, wewe pia una kijana wa boda mahali fulani. Bado tu hujaambiwa ni nani.